Nukta Nyekundu: Habari za Lugha ya Kiarabu na Maandishi Yake

Wasikilizaji wetu, na ninyi mtakaoyasoma maneno haya kijitabuni baada ya kuyasikia: kila mwaka, tarehe 18 Desemba, mataifa huiadhimisha lugha ya Kiarabu, kwa kuwa siku kama hiyo mwaka 1973 Umoja wa Mataifa ulikubali kwamba Kiarabu kiwe mojawapo ya lugha zake rasmi. Siku ya maadhimisho watu hupenda kusifu. Husema kwamba Kiarabu ni bahari isiyo na ufuko, na kwamba hapana lugha yenye maneno mengi ya ngamia, ya upanga na ya farasi kama hiyo. Sisi hatuzikatai sifa hizo. Lakini sifa zikizidi habari, msikilizaji huondoka kama alivyokuja. Kwa hiyo leo tumechagua kitu kimoja kidogo mno, ambacho kila mtoto aliyepita chuoni amekiona kwa macho yake na labda amechapwa kwa ajili yake, nacho ni nukta. Twataka kujua ni nani aliyezitia nukta na irabu katika herufi za Kiarabu, na ni shida gani iliyomlazimisha kufanya hivyo.

Tukiifuata habari hiyo tutaona jambo ambalo si watu wengi wanaolifikiri, ya kwamba sehemu kubwa ya kazi ya kukitunza Kiarabu ilifanywa ama na watu ambao hawakuzaliwa nacho, ama kwa ajili ya watu hao.

Kiarabu cha kusemwa ni kikongwe kuliko Kiarabu cha kuandikwa. Mabedui wa jangwani walikuwa na washairi wao, na mashairi yao yalikaa vifuani mwa watu. Walikuwako watu ambao kazi yao ilikuwa kuyahifadhi tu na kuyasimulia. Maandishi yalikuja pole pole, tena kwa kuazima. Kaskazini ya bara Arabu, katika nchi iitwayo leo Jordan, palikuwa na mji wa Petra, uliochongwa katika majabali, na watu wake waliitwa Wanabati. Herufi zao zilikuwa 22, za jamii ya maandishi ya Kiarami. Huko Namara, katika jangwa la Shamu, mwaka 1901 Wafaransa waliliona jiwe la kaburi la mfalme mmoja aitwaye Imru' al-Qays. Jiwe hilo liliandikwa mwaka 328 baada ya kuzaliwa Nabii Isa. Lugha yake ni Kiarabu, lakini herufi zake ni za Kinabati. Leo limo katika nyumba ya makumbusho ya Louvre, mjini Paris.

Sasa angalieni shida iliyokuwamo. Sauti za Kiarabu ni 28, na herufi zilizoazimwa ni 22. Basi herufi moja ilipasa kubeba sauti mbili, na pengine tatu. Tena kwa kuandikwa haraka haraka na kuungana, hata herufi zilizokuwa mbali mbali zilianza kufanana. Sauti za be, te, the, nuni na ye, zikiwa katikati ya neno, zote zikawa jino moja dogo lisilo na alama. Na irabu fupi hazikuandikwa kabisa. Mtu aliyekwisha kujua yaliyoandikwa hakupata taabu, kama mtu asomavyo barua ya nduguye hata ikiwa mwandiko wake ni mbaya. Lakini mgeni wa maneno yale alikuwa kama mtu aliyepewa ufunguo bila kuonyeshwa mlango.

Si kwamba nukta hazikujulikana kabisa. Mjini Vienna imehifadhiwa karatasi ya mafunjo iliyotoka Misri, yenye tarehe ya mwaka 22 wa Hijra, yaani mwaka 643. Imeandikwa kwa Kiyunani na kwa Kiarabu, nayo yahusu kondoo 65 waliotwaliwa kwa ajili ya chakula cha askari. Katika baadhi ya herufi zake nukta zaonekana. Yapendeza kufikiri kwamba mojawapo ya karatasi za zamani kabisa za Kiarabu zenye tarehe si shairi wala amri ya mfalme, bali ni stakabadhi ya kondoo. Lakini mwandishi yule alitia nukta pale alipopenda tu, na nyingine akaziacha.

Katika miaka ile ile ya karne ya saba mambo yalibadilika upesi. Dola ya Kiislamu ilienea toka Arabu hata Misri, Shamu, Iraki na Uajemi. Kurani ilikusanywa katika msahafu mmoja zamani za Khalifa Uthman, aliyetawala tangu 644 hata 656, na nakala zikapelekwa katika miji mikubwa. Misahafu ile ya kwanza haikuwa na irabu. Kwa Maswahaba hilo halikuwa neno, maana waliyasikia maneno kwa mdomo wa Mtume mwenyewe na walikuwa wameyahifadhi. Lakini katika mji wa Basra, uliojengwa na Waislamu huko Iraki ya kusini, walikuwamo sasa Waajemi, Wanabati wa mashamba, na watu wa kila kabila waliosilimu, na watoto waliozaliwa na mama wasiosema Kiarabu. Hao walisoma kwa bidii, nao wakakosea.

Na kosa katika Kiarabu si jambo dogo. Katika lugha hiyo mwisho wa neno ndio uonyeshao nani aliyetenda na nani aliyetendwa. Sisi katika Kiswahili twasema, "Juma amempiga Ali," na mahali pa neno hutuonyesha mpigaji. Mwarabu aweza kumtanguliza yeyote, maana irabu ya mwisho ndiyo itakayosema. Ukiweka "a" mahali pa "u", mpigaji amekuwa aliyepigwa. Fikirini kosa la namna hiyo likiingia katika kisomo cha dini.

Katika mji huo wa Basra alikuwako mtu mmoja, jina lake Abu al-Aswad al-Du'ali, aliyefariki mwaka 688 au karibu yake. Masimulizi juu yake ni mengi, na wanachuoni wa leo hawayakubali yote sawasawa. Lakini moja katika hayo hatuwezi kuliacha. Husimuliwa kwamba usiku mmoja binti yake alitazama juu akaziona mbingu, akataka kusema, "Mbingu zapendeza jinsi gani!" Lakini alikosea irabu mbili za mwisho, na maneno yake yakawa ni swali: "Ni kitu gani kilicho kizuri zaidi mbinguni?" Baba yake akamjibu, "Nyota zake, mwanangu." Binti akasema, "Sikuuliza, baba, nilikuwa nikistaajabu." Hapo Abu al-Aswad akaona ya kuwa lugha imeanza kuharibika nyumbani mwake mwenyewe.

Basi akamtwaa mwandishi, akamwambia alete wino wa rangi nyingine, usiofanana na wino wa herufi. Akamwagiza amtazame mdomo anaposoma. Akifumbua mdomo, mwandishi atie nukta juu ya herufi. Akiushusha, atie chini yake. Akiikusanya midomo, atie mbele yake. Wakaenda hivyo neno kwa neno. Msomaji aliyekwenda chuoni atatambua mara moja kwamba majina ya irabu yametoka hapo: fataha maana yake ni kufungua, kisira ni kuvunja, na dhuma ni kukusanya. Katika misahafu ya zamani iliyobaki, iliyoandikwa juu ya ngozi, nukta hizo zaonekana hata leo, nyekundu kama matone ya damu juu ya wino uliogeuka hudhurungi.

Twaona hapa lipo jambo la kulifikiri. Nukta nyekundu hazikuwekwa kwa ajili ya wajuzi. Bedui wa jangwani hakuzihitaji, na wako wazee waliozichukia, wakiona ni kuongeza kitu katika Kitabu. Ziliwekwa kwa ajili ya yule aliyekuja nyuma, mwana wa mgeni, asije akakosea.

Baada yake ilikuja zamu ya serikali. Khalifa Abd al-Malik bin Marwan, aliyetawala Dameski toka 685 mpaka 705, aliona ya kuwa madaftari ya kodi huko Shamu yangali yakiandikwa kwa Kiyunani, na ya Iraki kwa Kiajemi, hata Khalifa mwenyewe hawezi kusoma hesabu za mali yake bila mkalimani. Akaamuru yawe kwa Kiarabu. Mwaka 77 wa Hijra, yaani 696 na 697, ikatolewa dinari ya dhahabu isiyo na sura ya mtu yeyote, ila maandishi matupu pande zote mbili. Na fedha hizo zikapita mkono kwa mkono, toka soko hata soko, zikimwonyesha herufi za Kiarabu hata mtu asiyepata kushika kitabu. Liwali wake wa Iraki alikuwa al-Hajjaj bin Yusuf, mtu mkali mno, ambaye kabla ya kupata cheo alikuwa mwalimu wa watoto. Yasemwa kwamba ni kwa amri yake wanachuoni Nasr bin Asim na Yahya bin Ya'mar walizipanga nukta za herufi zenyewe, moja, mbili au tatu, juu au chini, ili be isichanganyike na te wala jimu na khe.

Sasa ukurasa ukawa na nukta za namna mbili: nyeusi za kutenga herufi na nyekundu za irabu. Mwenye wino mmoja tu afanyeje? Na mwenye macho dhaifu je? Aliyekata shauri hilo ni mtu ambaye sisi wa pwani ya Afrika ya Mashariki tuna haki ya kumtaja kwa furaha, maana ukoo wake ulitoka Omani, nchi ambayo majahazi yake yamekuja kwetu kwa pepo za kaskazi tangu zamani.

Jina lake ni al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, wa kabila la Azd. Alizaliwa karibu na mwaka 718, akaishi Basra, akafa kati ya 786 na 791. Hadithi husema kwamba aliishi katika kibanda cha mabua, na tajiri mmoja alipompelekea mjumbe amwite aje alishwe na kuneemeshwa, yeye alitoa mkate mkavu akamwonyesha mjumbe, akasema maadamu anao huu hana haja na bwana wake. Mtu huyo ndiye aliyeondoa nukta za rangi na kuweka mahali pake alama tuzitumiazo mpaka leo. Dhuma ni wau ndogo iliyokaa juu ya herufi. Fataha ni alifu ndogo iliyolazwa. Kisira yatokana na ye. Shada ni kichwa cha shini, na hamza ni kichwa cha aini. Sasa mwandishi aliweza kuandika kila kitu kwa kalamu moja na wino mmoja.

Hilo pekee lingetosha kumpa jina, lakini al-Khalil hakukaa kimya. Alitaka kuyakusanya maneno yote ya Kiarabu. Wengine kabla yake walikuwa wakiandika orodha ndogo ndogo, hii ya maneno ya mitende, hii ya maneno ya mvua. Yeye alipiga hesabu: kwa kuwa maneno ya Kiarabu yana mzizi wa herufi mbili, tatu, nne au tano, basi mtu akizigeuza herufi kwa kila namna iwezekanayo atapata kila mzizi uwezao kuwako, kisha ataangalia upi unatumika na upi hautumiki. Nazo herufi hakuzipanga kwa alifu na be, bali kwa mahali zitokapo kinywani, toka kooni hata midomoni. Ya kwanza aliiweka aini, na kwa hiyo kitabu chake chaitwa Kitab al-Ayn, kamusi ya kwanza ya Kiarabu. Yasemekana mwanafunzi wake al-Layth ndiye aliyekimaliza.

Tena alivumbua elimu ya mizani ya mashairi. Watu husimulia kwamba alikuwa akipita katika soko la mafundi wa shaba, akasikia nyundo zao zikipiga, akasimama kusikiliza. Alihesabu mizani 15, na baadaye mwanachuoni mwingine akaongeza ya 16. Kila mzani aliuita bahari. Washairi wetu wa Kiswahili nao husema bahari ya shairi, ingawa mizani yetu huhesabiwa kwa silabi na vina, si kama ile ya Waarabu. Na kifo chake? Yasimuliwa kwamba alikuwa akitafuta njia rahisi ya hesabu, hata mtumishi wa kike akienda dukani asiweze kudanganywa na mwenye duka; akaingia msikitini hali amezama katika mawazo hayo, akajigonga katika nguzo, akaanguka, na ndiyo sababu ya kufa kwake. Kama ni kweli au si kweli, Mungu ajua. Lakini watu hawamsimulii hadithi kama hiyo mtu waliyemwona ana kiburi.

Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo kijana wa Kiajemi, mzaliwa wa upande wa Shiraz, aitwaye Sibawayhi. Huyu alikuja Basra kujifunza Hadithi za Mtume. Siku moja alipokuwa akisoma mbele ya mwalimu wake alikosea irabu, na mwalimu akamsahihisha mbele ya watu. Kijana akaona haya, akasema atatafuta elimu ambayo hapana mtu atakayeweza kumkosoa ndani yake. Akaenda kwa al-Khalil, akakaa miguuni pake, akauliza na kuandika. Kitabu alichokitunga hakukipa jina, wala hakukiwekea dibaji. Watu wakakiita al-Kitab tu, yaani Kitabu, kana kwamba hakuna kingine. Ndani yake jina la al-Khalil limetajwa mara mamia. Ni kitabu cha kwanza kikubwa cha sarufi ya Kiarabu, na sarufi zote zilizokuja baadaye zimesimama juu yake. Mtungaji wake alizaliwa akisema Kiajemi.

Lakini dunia haikumlipa upesi. Alipokwenda Baghdadi, waziri Yahya bin Khalid al-Barmaki aliwakutanisha yeye na al-Kisa'i, mkuu wa wanasarufi wa Kufa, aliyekuwa mwalimu wa wana wa Khalifa Harun al-Rashid. Al-Kisa'i naye asili yake ilikuwa Uajemi. Hivyo katika baraza ile watu wawili wa asili ya Kiajemi walishindana mbele ya waziri wa asili ya Kiajemi juu ya usahihi wa Kiarabu! Swali lilikuwa la nge na nyigu. Mtu asema kwamba alidhani nge ana uchungu kuliko nyigu, kumbe nyigu ni kama yeye. Je, neno lile la mwisho, "yeye", litiwe katika umbo la mtenda au la mtendwa? Sibawayhi alisema la mtenda, wala hapana jingine. Al-Kisa'i akasema yote mawili ni halali. Wakaitwa mabedui waliokuwa mlangoni watoe ushahidi, kwa maana wao ndio wenye lugha. Nao wakasema al-Kisa'i ana haki. Watu wa Basra walishika daima kwamba mabedui wale walihongwa, au waliogopa cheo cha mtu. Sibawayhi akapewa fedha za kumtuliza moyo, akatoka Baghdadi, asirudi Basra, akaenda kwao Uajemi, akafa huko kijana bado, karibu na mwaka 796. Wanasarufi waliokuja baadaye, walio wengi, walimpa yeye haki katika suala la nge.

Tukisimulia kisa hiki tusimdhulumu al-Kisa'i. Yeye naye alikwenda jangwani akakaa na mabedui kuandika maneno yao, na husemwa alimaliza chupa 15 za wino. Wanachuoni wa zamani zile walikuwa na hofu moja wote, kwamba wazee wa jangwani watakufa na maneno yao yatakufa pamoja nao. Hofu hiyo ilizaa makamusi makubwa, moja baada ya jingine. Hata neno letu "kamusi" lina hadithi yake. Al-Firuzabadi, Mwajemi mwingine, aliyefariki huko Zabid katika Yemen mwaka 1415, aliita kitabu chake al-Qamus, maana yake bahari kuu. Kitabu kikapendwa hata jina lake likawa jina la kila kitabu cha namna hiyo.

Lugha iliyokwisha kupata nukta, irabu, sarufi na kamusi iliweza kubeba mzigo wowote. Mji wa Baghdadi ulijengwa mwaka 762, na kabla ya mwisho wa karne hiyo palikuwa na kiwanda cha karatasi humo. Hunayn bin Ishaq, Mkristo wa al-Hira, aliyeishi toka 809 hata 873, alifasiri vitabu vya utabibu vya Kiyunani. Katika waraka mmoja alivihesabu vitabu 129 vya tabibu Galen vilivyofasiriwa na yeye au na wenzake. Njia yake ilikuwa kukusanya nakala nyingi za kitabu kimoja, kuzilinganisha, kutoa makosa, ndipo afasiri. Al-Khwarizmi, mtu wa asili ya Khwarazm, aliandika kitabu cha hesabu za al-jabr, na Wazungu wakalichukua neno hilo pamoja na elimu yake. Ibn Sina, mzaliwa wa karibu na Bukhara, aliandika kitabu chake kikuu cha utabibu kwa Kiarabu, na katika karne ya 12 Gerard wa Cremona akakifasiri kwa Kilatini mjini Toledo. Hata kile kiduara cha hesabu tukiitacho sifuri, Waarabu walikiita "sifr", yaani kitupu. Wazungu walilitwaa neno hilo kwa njia yao, sisi kwa njia yetu.

Njia yetu ilikuwa bahari. Katika msikiti wa Kizimkazi, kisiwani Unguja, yako maandishi ya Kikufi yaliyochongwa ukutani, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, akasifu dini ya watu wake na misikiti yao. Na maneno ya elimu yenyewe tuliyachukua: kitabu, herufi, nukta, sarufi, nahau, fasihi. Kalamu na karatasi pia, ingawa hayo mawili Waarabu nao waliyatoa kwa Wayunani. Neno "irabu" lina historia ya pekee. Kwa Waarabu ni ile elimu ya miisho ya maneno iliyomsumbua Abu al-Aswad. Kwetu imekuwa jina la a, e, i, o na u, maana mtoto wa Kiswahili hana miisho ya kuihangaikia, bali ana alama za kuzisoma.

Hapa ndipo shida ya kale ilipojirudia. Kama vile herufi 22 za Wanabati hazikutosha sauti 28 za Waarabu, ndivyo herufi za Waarabu hazikutosha Kiswahili. Kiarabu hakina p, wala v, wala ch, wala g tuisemavyo sisi. Tena kina irabu tatu, na sisi tunazo tano. Mwandishi wa zamani alitumia be kwa b, kwa p, na hata kwa mb; alitumia fe kwa v; na kisira moja ikawa i na e. Jaribuni wenyewe: andikeni "bibi" kwa herufi za Kiarabu, kisha andikeni "pembe" kwa kawaida ile ya zamani. Maneno mawili yatafanana kabisa. Msomaji alitambua kwa maana ya habari, ikiwa ni bibi aliyekuja au ni pembe iliyouzwa.

Pamoja na upungufu huo, kazi kubwa ilifanywa kwa herufi hizo. Barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 zimehifadhiwa mpaka leo huko Goa, Bara Hindi. Tenzi ziliandikwa Pate na Lamu, na hati za mashamba, na wosia, na madeni ya wafanyabiashara. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yangaliweza kupotea yote. Mwalimu Sikujua ndiye aliyeyakusanya kwa watu na kuyaandika, akampa William Taylor, mmisionari Mwingereza, na karatasi hizo zikafika London. Mwalimu huyo hakuridhika na be ya kubeba mizigo mitatu. Alitia alama za ziada ili sauti za Kiswahili zitengane. Baadaye Shehe al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyeishi toka 1891 hata 1947 na aliyetoa gazeti la al-Islah mwaka 1932, alishughulika na jambo hilo hilo, na baada yake Shehe Yahya Ali Omar, aliyefariki mwaka 2008. Walikuwa wakifanya kwa Kiswahili kazi ile ile ya Basra.

Walakini walichelewa. Wamisionari walikuwa wamekwisha kuchapa vitabu vyao kwa herufi za Kirumi. Serikali ya Wadachi ikazitumia shuleni na maofisini. Na mwaka 1930 ilipoanzishwa Halmashauri ya lugha kwa nchi za Afrika ya Mashariki, Kiswahili sanifu kilitengenezwa kwa herufi hizo. Sisi hatusemi ilikuwa hasara tupu, maana herufi za Kirumi zina irabu tano, na mtoto huzisoma upesi. Lakini katika muda wa vizazi viwili babu na mjukuu walitengana. Babu aliyekuwa msomi aliitwa hajui kusoma, kwa sababu alisoma kutoka kulia.

Ndiyo maana katika nyumba nyingi za pwani lilikuwako sanduku la mbao, na ndani yake karatasi zilizokunjwa, na hapana awezaye kusema ni dua, ni deni, au ni shairi. Nyingine zimeliwa na mchwa, nyingine zilichomwa kwa kudhaniwa hazina maana. Katika miaka ya 1960 J. W. T. Allen alizunguka pwani akizitafuta kwa wenyewe, na orodha yake ya zile zilizopatikana kwa ajili ya maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam ilitolewa mwaka 1970. Katika nyumba ya nyaraka ya Zanzibar ziko nyingine nyingi.

Mtu apewaye karatasi kama hizo leo huanza kwa kuisogeza penye mwanga na kutafuta nukta. Kama mwandishi aliziweka zote, kazi ni nyepesi. Kama aliziacha kwa haraka, kwa kuwa aliyemwandikia alikwisha kujua habari, msomaji hukaa na lile jino dogo lisilo na alama, akijaribu be, akijaribu te, akijaribu nuni, kisha bibi, kisha pembe, hata sentensi ikubali.